Linux: Kiini kimoja cha prosesa kwa kazi moja tu

Amri ikichelewa, mota ya mashine ya kukata chuma inaweza kupoteza hatua na kipande kikaharibika. Ndiyo sababu mafundi wengi wanaotumia LinuxCNC, programu huria ya kuongoza mashine hizo, huitengea kiini kizima cha prosesa.

Kwa kawaida, Linux hugawa kazi kwa viini vyote. Agizo liitwalo isolcpus, ambalo husomwa kompyuta inapowashwa, huzuia kazi za kawaida zisipelekwe kwenye kiini kilichotengwa.

Lakini kuna gharama: kompyuta ya viini vinne hubaki na vitatu kwa kazi nyingine zote. Na ucheleweshaji hauishi kabisa, hivyo fundi hupaswa kuupima kabla ya kuanza kukata.