Buufis yako si yako peke yako

Kama umekulia Garissa, neno buufis si geni kwako. Lilienea kutoka kambi za Dadaab, zilizoanza kufunguliwa mwaka wa 1991. Mwenye buufis mwili wake uko Ifo au Hagadera, lakini akili ishafika Minnesota. Hali, halali, hataki stori na mtu. Neno lenyewe linatokana na kupuliza, kujaza kitu hewa. Siku hizi hata sisi wa mjini tunalitumia kwa kichwa kilichojaa upepo.

Ona ajabu: ugonjwa tumeupa jina, lakini ukiuliza tiba yake, kila mtu anaangalia chai yake.

Wacha nikwambie yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Mtaani wakasema karo imenishinda, wengine wakasema ni miraa. Ukweli ni kwamba nilikuwa silali. Nyumbani wakasema ni jini. Sheikh akaitwa, akanisomea, na sitadanganya, usiku huo nililala. Usiku wa tatu nikawa macho tena.

Hatimaye nilienda kliniki. Muuguzi hakuanza na dawa. Aliniuliza, "Unaishi na nani?" Kisha akasema, "Wiki ijayo njoo na mama."

Hooyo, yaani mama, alikuja na abti wangu, kaka yake, wakidhani wanaitwa kupewa masharti ya dawa. Badala yake hooyo akaulizwa: "Na wewe mama, unalala vipi?" Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema kwamba tangu asubuhi ile ya Aprili 2015, mlango ukibamizwa tu, yeye huanza kuhesabu watoto wake.

Unaikumbuka siku hiyo. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Chuo kikafunguliwa tena Januari 2016, maduka yakarudi kama kawaida. Lakini nani aliwauliza mama zetu kama wanalala?

Siku hiyo nilielewa kitu. Mimi nilikuwa nikificha ili nisimtie hooyo hofu, naye alikuwa akificha ili asinitie hofu. Nyumba nzima ilikuwa imebana pumzi.

Usidhani tiba ya namna hii inahitaji profesa kutoka Nairobi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina mpango unaoitwa PM+. Mtu wa kawaida aliyefunzwa vizuri hukaa na wewe vikao vitano. Unajifunza kupumua polepole mwili utulie, kushika tatizo moja baada ya jingine, kurudia shughuli ulizoacha kidogo kidogo, na kutafuta watu wa kukushika mkono. Mpango huo ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia dhuluma, na dhiki yao ilipungua kuliko ya waliopata huduma ya kawaida.

Sasa, wewe unayesoma hapa. Kama ni swala na Kurani zinazokupa utulivu, endelea nazo, kliniki haikukatazi. Kama umepewa dawa, usiziache kimyakimya eti umepata nafuu. Kama nyumbani ndiko unakoumizwa, nenda peke yako kwanza, umweleze mshauri kabla hajaita mtu. Na kama umeanza kufikiria kujidhuru, usingoje kesho: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya.

Sijapona kabisa. Kuna usiku bado nahesabu mabati. Lakini asubuhi hooyo akimimina chai huniuliza, "Umelala?" Nikishamjibu, nami namuuliza yeye.

Leo jioni, muulize mtu wa nyumbani kwako swali hilo. Halafu nyamaza, umpe nafasi ajibu.