Mbona Hajalia?

Mtu anamleta mdogo wake kwenye tiba, anakaa kwenye benchi karibu saa nzima, mlango unafunguliwa, na swali lake la kwanza si "anaendeleaje?" wala "turudi lini?" Ni hili: "Mtaalamu, mbona hajalia?" Nimeulizwa Ngara mjini, nimeulizwa Rulenge, nimeulizwa Nyakanazi na baba aliyekuwa anawahi basi. Juzi kaniuliza mwalimu mkuu mstaafu, mzee ninayemheshimu, kwa sauti ya kunidai. Basi nijibu kwa maandishi, ili atakayeuliza tena nimpe gazeti asome.

Imani yenyewe iko hivi: uchungu ni jipu. Umekaa ndani, umeiva, ukikamuliwa usaha unatoka na mgonjwa analala usingizi. Kwa hiyo tiba ya vitendo, ile ya kuigiza tukio, kuchora, kupanga vitu sakafuni au kumsemesha marehemu aliyewekewa kiti kitupu, watu wanadhani kazi yake ni kukamua tu. Machozi yasipotoka, hela imeliwa.

Wapo wanaoishi kwa imani hii. Semina ya siku moja ukumbini, muziki unapandishwa, dada anasukumwa aeleze mbele ya umati alivyobakwa au alivyomwona baba yake akiuawa. Anaanguka. Ukumbi unapiga makofi, simu zinarekodi. Jumatatu msemaji yuko Kahama na kiingilio chake. Jumanne usiku yule dada hapati usingizi, na sasa mtaa mzima una video yake. Kliniki anakuja kwangu, haendi Kahama.

Na msiniambie ni suala la mtazamo, maana jambo hili limepimwa. Ulaya na Marekani ilishakuwa desturi kwamba mtu akinusurika ajali, ndani ya siku chache akalishwe kikao kimoja asimulie kila alichokiona na kila alichohisi. Mwaka 1997 Jonathan Bisson na wenzake wa Cardiff, Wales, walichapisha matokeo ya wagonjwa walioungua moto: wengine walipewa kikao hicho, wengine hawakupewa. Baada ya miezi 13, waliopewa kikao asilimia 26 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe. Wasiopewa, asilimia 9. Unaweza kubisha kwamba kundi la kwanza lilikuwa na majeraha makubwa zaidi tangu mwanzo, na kweli lilikuwa nayo. Lakini majaribio mbalimbali yalipokusanywa na kuchambuliwa pamoja mwaka 2002, kikao kimoja cha namna hiyo hakikuonekana kuzuia kiwewe hata kidogo, na Shirika la Afya Duniani linasema kisitumike. Hata hasira haikamuliki. Brad Bushman alionyesha huko Marekani, mwaka 2002 pia, kwamba wanafunzi waliopiga gunia la ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi walitoka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya lolote.

Sababu haina uchawi. Hofu ya kumbukumbu hupungua mtu akikaa nayo kidogo kidogo, kwa muda wa kutosha, huku akijua yuko leo na yuko salama. Ukimpandisha mpaka kileleni halafu ukamwacha hapo kwa sababu ukumbi unafungwa saa kumi, funzo analoondoka nalo ni moja: kumbukumbu hii haivumiliki. Kesho ataikimbia zaidi ya jana. Kulia anaweza kulia, sina ugomvi na machozi. Ila machozi hayapimi chochote. Nina wagonjwa waliolia kila wiki bila nafuu yoyote, mpaka tukabadilisha njia.

Sisi wa huku hatuna ruhusa ya kulichukulia hili kimzaha. Novemba 8, 2017, bomu la kutupwa kwa mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, hapa Ngara, likaua wanafunzi na kujeruhi makumi ya wengine. Lilikuwa limeokotwa kama chuma chakavu. Kila ninapolitaja katika mafunzo ya walimu, kuna anayesimama na kupendekeza kwamba watoto wa tukio kama hilo wakusanywe darasani, kila mmoja asimulie alichokiona, "watoe". Hapana. Mtoto aliyekuwa nje asikilizishwe ya aliyekuwa ndani ili iweje? Mrudishe kwa mama yake, mpe chakula, mweleze ukweli kwa kifupi, arudi kwenye ratiba ya shule, na wiki zinazofuata mwangalie nani halali, nani anajikojolea, nani hachezi. Huyo ndiye aletwe.

Sasa tiba yenyewe. Nichukue njia moja ninayoitumia, ambayo kwa mujibu wa vitabu haimo katika kundi la tiba ya vitendo, lakini mikono ya mgonjwa inafanya kazi sawasawa: kamba, mawe na maua. Imejaribiwa jirani kabisa, kambi ya Nakivale huko Isingiro, Uganda, kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Waliotibu walikuwa wakimbizi wenyewe waliofundishwa kwa wiki sita. Miezi kadhaa baadaye, kama asilimia 70 ya waliopewa tiba hii hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe. Kati ya waliofuatiliwa tu bila tiba, ni asilimia 37.

Mama mmoja alifiwa na mumewe katika basi lililotekwa kwenye mapori ya Biharamulo, enzi zile magari yakisindikizwa na polisi. Nilitandika kamba ya katani juu ya mkeka. Ncha moja ni kuzaliwa kwake. Nyingine nikaiacha imekunjwa, maana maisha hayajaisha. Ua kwa jambo jema, jiwe kwa baya. Aliweka maua mengi kuliko alivyotarajia, akaanza na bibi yake aliyemfundisha kusuka. Alipofika kwenye basi alichagua jiwe dogo, akalibadilisha kwa kubwa. Hapo tukaenda taratibu: ulikuwa na umri gani, ulikaa kiti cha upande gani, ulinusa nini? Dizeli na mahindi ya kuchoma. Mikono ikaanza kutoka jasho. Nikamsimamisha: angalia dirishani, leo tarehe ngapi, unaona nini? "Mbuzi wenu wanakula maua ya hospitali." Tukacheka, tukarudi kwenye jiwe. Hakulia. Dada yake nje akaniuliza lile swali. Baada ya vikao vinne alipanda basi kwenda kwa mwanawe.

Mtaalamu wa kumtafuta ni yule anayejua kusimama katikati ya kikao. Usihangaike kutafuta bango lililoandikwa "tiba ya vitendo". Ngara anza Nyamiaga, Murgwanza au Rulenge; Biharamulo anza hospitali ya wilaya; ulizia mhudumu wa afya ya akili na siku zake za kliniki. Halmashauri kuna afisa ustawi wa jamii, mlango wake haulipiwi. Ikizidi, omba rufaa Bukoba, au Bugando Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko njiani kwenda Mwanza si kisingizio tena. Kwa mtoto piga 116, ni bure. Ukikutana na mtaalamu muulize amesomea nini, nani anamsimamia, vikao vingapi, bei gani, Kihangaza au Kisubi anakiweza au ataleta mkalimani ambaye si jirani yako, na atafanya nini ukizidiwa katikati ya kikao. Akikasirika kuulizwa, ondoka. Akitaka kurekodi, akikuahidi kupona kwa siku moja, akikugusa bila kukuomba, ondoka haraka zaidi. Anayesikia sauti wengine wasizozisikia, au anayesema anataka kujiua, hana muda wa kamba na maua: hospitali leo hii, na asiachwe peke yake njiani. Na aliyeacha dawa za kifafa au ARV kwa sababu mtu wa semina alimwambia ameshapona, arudi kliniki kesho asubuhi hata kama anaona aibu. Hatumfokei.