Chuo Kikuu Kando ya Bahari: Mtwara Yatufundisha Nini Sisi wa Aru?



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yakiisha kutangazwa, wazazi wengi wa Aru huanza kuhesabu. Huhesabu ng'ombe waliobaki zizini, magunia ya maharage yaliyomo ghalani, na ndugu walio mbali wawezao kusaidia. Kijana amepata diploma yake, na sasa ataka masomo ya juu. Ndipo lizukapo swali gumu: aende wapi? Bunia, Kisangani, Kinshasa, au avuke mpaka aingie Uganda? Aghalabu jibu hutolewa upesi: aende mji mkubwa, kwa maana penye mji mkubwa ndipo penye elimu kubwa.

Je, ni kweli? Kabla ya kujibu, twendeni kwa mawazo mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, tukatazame mji mdogo wenye chuo kikuu cha Kikatoliki. Aru haina bahari, na wengi wetu hatujaiona kamwe. Lakini mambo yampatayo mwanafunzi wa kule ndiyo yatakayompata mtoto wetu popote atakapopanga chumba mbali na nyumbani.

MJI WENYEWE

Mtwara uko pembeni kabisa mwa Tanzania, kusini-mashariki, karibu na mto Ruvuma unaoitenga nchi hiyo na Msumbiji. Mwendo wa kilomita kama 10 kutoka mjini iko Mikindani, bandari ya kale, alikopita David Livingstone mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya kuelekea bara.

Mtwara wa leo ulijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipotaka kulima karanga kwa mashine katika nchi ya Nachingwea. Walijenga bandari yenye kina kirefu, na reli ya kwenda mashambani. Mpango ule ulianguka mwaka 1951, na reli nayo iling'olewa katika miaka ya 60. Ukabaki mji uliopimwa kwa ajili ya watu wengi, nao waliokuja ni wachache. Wenyeji wakaendelea na uvuvi na korosho zao. Dar es Salaam ilikuwa mbali, zaidi ya kilomita 500, na wakati wa mvua njia ilikatika, mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 108,299 katika manispaa yote ya Mtwara na Mikindani.

Huo basi ndio mji ambao Kanisa liliuchagua kuweka chuo kikuu.

KANISA LILIVYOFIKA HAPO

Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alifungua huko Nyegezi, kando ya ziwa Nyanza, chuo cha mafunzo ya jamii. Mwaka 1998 Maaskofu wa Tanzania walikigeuza kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Wala hawakuridhika na Mwanza peke yake. Wangaliweza kukusanya kila kitu Dar es Salaam, kwenye watu wengi na fedha nyingi. Hawakufanya hivyo. Elimu ya juu ya Kikatoliki ilipelekwa Iringa, Tabora, Moshi, Morogoro. Na mwaka 2009 ikafika Mtwara. Chuo kile kiliitwa Stella Maris, yaani Nyota ya Bahari, ambalo ni jina la kale la heshima la Mama Bikira Maria. Kazi yake kubwa ni kulea walimu wa shule za sekondari.

Shabaha yaonekana wazi. Mtoto wa mvuvi au wa mkulima wa korosho asilazimike kuhama nchi yake ili apate elimu. Na shule za kusini, zilizolia siku nyingi kwa kukosa walimu, zipate walimu wanaoijua nchi.

CHUMBA, CHAKULA NA ADA

Maisha ya mwanafunzi si kitabu tu. Katika vyuo vya Tanzania wengi hawapati nafasi katika mabweni. Hivyo hupanga vyumba mitaani, wawili au watatu pamoja, na chumba hicho hukiita geto. Ndani mna godoro, ndoo ya maji, jiko dogo na vitabu. Kwenye joto la pwani mwanafunzi husoma alfajiri au usiku, upepo wa baharini ukivuma.

Serikali ya Tanzania huwakopesha baadhi ya wanafunzi. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Fedha hiyo vijana huiita bumu. Siku ya bumu soko huchangamka, na muuza nguo hufurahi kuliko muuza vitabu. Lakini bumu likichelewa, au likiliwa lote katika juma moja, mwanafunzi hupiga pasi ndefu: huacha chakula cha mchana, akangoja cha jioni. Maneno haya ameyatoa katika mchezo wa mpira, naye huyasema kwa kicheko. Lakini njaa ni njaa.

Wasio na mkopo hutegemea wazazi. Katika nchi ya Mtwara mzazi hutegemea korosho, kama vile mzazi wa Aru ategemeavyo ng'ombe. Vyuo hufungua mwaka mpya Oktoba au Novemba, wakati korosho zaanza kuuzwa. Basi ada na korosho huenda pamoja. Mwaka 2018 bei ilipoanguka, Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa msaada wa jeshi, na wakulima wengi walingoja fedha zao miezi mingi. Katika mji mkubwa, karani wa chuo angaliona jina tu katika orodha ya wasiolipa. Katika mji mdogo kila mtu, mwalimu hata mwenye nyumba, ajua kwa nini fulani hajalipa. Hii ndiyo faida ya kwanza ya udogo: shida ya mtu haifichiki.

MAJIRANI

Pwani ile ina Waislamu wengi. Mwanafunzi Mkatoliki atokaye bara huamshwa na adhana kabla ya kengele ya Misa. Aweza kununua samaki kwa Mwislamu, kupanga kwake, na kuketi darasani pamoja naye. Mwezi wa Ramadhani hujifunza kutokula hadharani mbele ya jirani afungaye. Na jioni huenda akaletewa sahani ya futari mlangoni. Hakuna mtihani wa somo hili, lakini ni somo kubwa. Kijana aliyezoea kuishi na Wakatoliki wenzake tu hutambua kwamba imani yake yatazamwa na majirani kila siku, naye hana budi kuionyesha kwa matendo.

Kisha wafika wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi wa ualimu hupelekwa katika shule ya sekondari, akasimama mbele ya darasa lililojaa, pengine vitabu ni vichache. Hapo ndipo atambuapo kama ualimu ni wito wake au ni njia tu ya kupata cheti.

MACHO MENGI

Lakini tusisifu mno. Mji mdogo una macho mengi, na macho hayo yaweza kuwa ya masengenyo tu. Watu humwona binti akirudi usiku, wakanong'ona. Wala hakuna amwulizaye kama amekula. Wamwona kijana akianza kulewa, wakacheka.

Kuna dhambi moja isiyofaa kufichwa. Binti aliyekosa kodi ya chumba hukutana na mtu amwambiaye kwamba deni laweza kulipwa kwa njia nyingine. Binti aliyeshindwa mtihani hukutana na mwenye kuuza alama, naye hataki fedha. Uovu huu upo katika nchi nyingi, nasi hapa kwetu twaujua. Hustawi mahali ambapo msichana hana mtu wa kumkimbilia. Mzazi yuko mbali, naye binti aona haya kumwambia; rafiki zake nao ni wageni kama yeye. Ukubwa wa mji hauondoi hatari hiyo, wala udogo wake hauiondoi. Huondolewa na mtu mzima mmoja mwaminifu, akaaye karibu, ambaye mlango wake u wazi.

MFANO WA LOVANIUM

Sisi Wakongo tunao mfano wetu wenyewe. Mwaka 1954 Wakatoliki wa Louvain walifungua Chuo Kikuu cha Lovanium juu ya mlima Amba, nje ya Léopoldville. Kilikuwa chuo bora sana. Lakini kilijengwa mbali na mitaa ya watu, ili wanafunzi wasome kwa utulivu. Utulivu ule ulikuwa na bei yake: wanafunzi na watu wa mjini waliishi kama wageni wao kwa wao. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliposhuka kuandamana mjini kudai haki zao, askari waliwapiga risasi, na vijana wakafa. Mwaka 1971 Serikali ilikitwaa chuo na kukiunganisha na vingine. Leo mahali pale ni Chuo Kikuu cha Kinshasa.

Hatusemi kwamba mlima ndio uliowaua vijana wale. Waliwaua wenye bunduki. Twasema tu kwamba chuo kilichotengwa na watu hukosa jirani wa kulia pamoja naye.

Mtwara nao uliiona taabu yake mwaka 2013, ghasia zilipotokea kwa sababu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Watu waliuliza: mali yatoka kwetu, mbona faida yaenda mbali? Aliyepanga chumba mtaani aliyasikia maneno hayo dirishani pake. Aweza kuyakubali au kuyakataa, lakini hawezi kusema hayajui. Mwalimu wa kesho afaa awe amesikia mambo ya namna hiyo.

NASI JE?

Basi turudi Aru. Leo masomo ya juu hayako Kinshasa tu. Bunia kuna chuo kikuu, na ng'ambo ya mpaka, Arua, kuna Chuo Kikuu cha Muni. Huko kote watoto wetu hupanga vyumba, nasi twapokea watoto wa wengine. Neno la kuuliza kwanza ni hili: ni nani atakayemjua mtoto wangu huko aendako? Ukubwa wa mji waweza kungoja.

Ninyi wazazi, mkiisha kulipa minervali, msidhani kazi imekwisha. Nendeni mkakione chumba. Msalimieni mwenye nyumba, mjue jina lake na namba yake ya simu. Fedha ya chakula itumeni kila mwezi kidogo kidogo, ikiwezekana, isiliwe siku moja. Na mnapopiga simu msiulize alama tu, ulizeni, "Mwanangu, umekula nini leo? Wakaa na nani?" Mwombeni Paroko barua ya kumtambulisha kwa Paroko wa huko, na kijana aipeleke juma lile lile analofika, kabla hajazoea kukaa bila Misa.

Ninyi wenye nyumba za kupangisha, mlango wenye kufuli imara, choo safi na kodi isiyobadilika katikati ya mwaka ni matendo ya huruma. Binti apangaye kwako ni binti wa mtu. Mtendee kama utakavyo wako atendewe Bunia au Arua.

Ninyi wanajumuiya, mwaka 1976 Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa kazi yao, nasi Kongo twazijua jumuiya hai. Jumuiya yenye wanafunzi mtaani mwake isingoje waje wenyewe. Mtu mmoja apewe kazi ya kugonga mlango, hasa mwisho wa mwezi, wakati wa pasi ndefu.

Nawe mwanafunzi, mji uliokupokea una haki juu yako. Salimia watu. Lipa deni lako, na ukishindwa, sema mapema. Jumamosi moja kwa mwezi wakusanye watoto wa mwenye nyumba na wa jirani, uwafundishe hesabu au Kifaransa. Haitakugharimu chochote, nayo itakupa ndugu. Na masomo yakiisha, kumbuka waliouza ng'ombe.

Mabaharia wa pwani husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele yake, na ngama ni tumboni mwake. Hata mtu azunguke vipi, mwisho hurudi kati. Zamani nahodha aliyesafiri usiku aliitazama nyota, si kwa kuwa ilimwondolea mawimbi, bali kwa kuwa ilimwonyesha upande wa kwenda. Mama Maria, Nyota ya Bahari, awaongoze watoto wetu walio vyuoni. Nasi tulio karibu nao tusiwaache wakae gizani, hali taa tunazo.