WhatsApp na mkulima: picha inasaidia wapi, inapoteza wapi

Huku kwetu Mara, kuanzia Musoma, Bunda hadi Butiama, magrupu ya wakulima kwenye simu yamekuwa mengi. Wengi huniuliza: "Bwana shamba, haya magrupu yanatujenga au yanatupoteza?" Jibu langu ni kwamba inategemea umeiuliza simu swali gani. Kuna tatizo ambalo picha inalionyesha vizuri, na kuna lingine hata ukipiga picha mia hulioni. Twende tuyaangalie.

FAIDA

1. Wadudu wanajulikana mapema
Chukua mfano wa viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Mdudu huyu asili yake ni bara la Amerika, na hapa Tanzania ameonekana tangu 2017. Ukimpiga picha kwa karibu anajulikana: kichwani ana alama ya Y iliyogeuzwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Anaishi kama kiwavi wiki mbili hadi tatu tu, na akishakua anajichimbia ndani ya moyo wa mhindi ambako dawa haimfikii vizuri. Kwa hiyo ukinitumia picha leo badala ya kunisubiri nifike kijijini wiki ijayo, umeokoa siku ambazo ndizo zenye maana.

2. Bei inajulikana kabla hujauza
Mkulima wa Kiabakari anaweza kujua bei ya Musoma mjini kabla mchuuzi hajafika mlangoni. Ila uliza kwanza: ni bei ya kilo, ya debe au ya gunia? Na gunia lenyewe ni la kawaida au ni lumbesa? Bei isiyo na kipimo isikupe haraka ya kuuza.

HASARA

1. Mbegu za mihogo
Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Mtu anarusha picha ya pingili nzuri, nene, na maneno "mbegu bora zipo, karibuni". Watu wanachanga hela, mzigo unakuja, unapandwa.

Sasa sikiliza. Mihogo ina magonjwa mawili makubwa ya virusi. Batobato huonekana kwenye majani: yanajikunja na kuwa na mabaka, kwa hiyo picha inaweza kukusaidia. Lakini michirizi ya kahawia ni mjanja. Ugonjwa huu ulielezwa na watafiti wa Amani, Tanga, mwaka 1936, ukakaa zaidi ukanda wa pwani kwa muda mrefu, na miaka ya 2000 ukasambaa huku Kanda ya Ziwa. Mmea unaweza kuonekana wa kijani na mzuri, kumbe chini viazi vimeoza, vina mabaka makavu ya kahawia. Yaani unakuja kugundua siku ya kuvuna, baada ya kungoja mwaka mzima, na kuoza huko hakuna dawa.

Ugonjwa huu husambazwa na inzi weupe, lakini wao hauufikishi mbali sana. Safari ndefu, ya wilaya hadi wilaya, tunausafirisha sisi wenyewe kwa pingili. Zamani pingili zilitoka kwa jirani ambaye shamba lake unalijua. Simu imetuunganisha na shamba ambalo hatujawahi kukanyaga. Na mihogo ikioza, nyumba nyingi huku zimekosa udaga, maana yake zimekosa ugali.

2. Dawa za kuambiwa
"Changanya hii na ile, wadudu wote kwisha." Ujumbe kama huo hausemi ni zao gani, kipimo gani, wala ukae siku ngapi kabla ya kuvuna. Dawa inaweza kuunguza zao, au ikakudhuru wewe na watakaokula mboga hiyo. Soma kibandiko. Usichanganye dawa mbili kwa sababu tu mtu wa grupu kasema.

3. Matapeli
Msimu wa mbolea ya ruzuku ukifika, meseji za uongo nazo zinafika. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kama afisa. Jambo la ruzuku kaliulize ofisi ya kijiji au kata. Meseji ya kitapeli ipeleke 15040, ni bure.

4. Walioachwa nje
Wenye simu za kitochi, na akina mama wengi ambao ndio wanaolima hiyo mihogo, hawamo kwenye grupu. Habari ikiishia kwenye simu ya baba, shamba halijanufaika.

UFANYE NINI?

- Ukituma picha ya tatizo, andika zao, umri wa zao, kijiji na tarehe. Piga jani kwa karibu, kisha piga shamba zima.
- Ukipokea ushauri, uliza umetoka kwa nani na ni wa wapi. Ushauri wa Mbeya si lazima ufae Bunda.
- Usilipie pingili kwa kuona picha. Nenda shambani, au tumeni watu wawili mnaowaamini. Ng'oeni mashina kadhaa sehemu tofauti za shamba, kateni viazi vipande vipande mviringo, mwangalie ndani. Mkiona mabaka ya kahawia hata kwenye shina moja, acheni mbegu hiyo.
- Bora zaidi, tafuta pingili kwa wazalishaji waliokaguliwa na TOSCI. Ukikwama, muulize afisa ugani wa kata yako.
- Wasomee majirani wasio na simu janja yale yaliyothibitishwa.

Nauli ya kwenda kukagua shamba la mbegu inauma, najua. Lakini ilinganishe na mwaka mzima wa kupalilia mihogo iliyooza. Nawatakia msimu mwema.