Mtoto Anayefikicha Macho

Wazazi wa Madaba, mtoto akibadilishiwa miwani mara kwa mara na bado haoni ubao vizuri, msimwite mvivu. Huenda kioo cha mbele cha jicho kinakonda na kuchongoka. Madaktari huita keratokonasi. Kwa watoto ugonjwa huu huenda mbio kuliko kwa watu wazima, na kufikicha macho huuzidisha. Basi mwasho nao utibiwe.

Miaka ya 1990, huko Dresden, Ujerumani, wataalamu walibuni tiba: jicho hutiwa matone ya vitamini B2 (imo katika maziwa, ila kunywa hakutoshi), kisha humulikwa mwanga maalum, kioo kikakazika. Kilichokwisha kuharibika hakirudi kuwa kama zamani. Nendeni Peramiho mapema, mwombe barua ya kwenda kwa bingwa wa macho. Maji ya majani msimtie jichoni.