Habari ya Dawa Isikufikie Nusu

Tarehe 16 Machi 2020, Serikali ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini amepatikana Arusha. Kutoka huko hadi Sitalike, langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ni safari ndefu. Lakini habari za tiba hazikungoja basi. Zilifika kwa simu za mkononi: nyingine za kweli, nyingine za uongo, na nyingine za kweli nusu. Hizi za mwisho ndizo ngumu kuzitambua, na makala haya yanaeleza namna ya kuzipima.

Mfano wa deksamethasoni

Tarehe 16 Juni 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitangaza matokeo ya utafiti uitwao RECOVERY. Wagonjwa waliolazwa waligawanywa kwa bahati nasibu: zaidi ya 2,000 walipewa deksamethasoni, na zaidi ya 4,000 walipata matibabu ya kawaida tu. Kwa waliokuwa wakipumua kwa mashine, vifo vilipungua kwa takriban theluthi moja. Kwa waliopewa oksijeni bila mashine, vilipungua kwa takriban moja ya tano. Dawa hiyo ni ya zamani na ya bei nafuu. Kwa kuwa matokeo yalitolewa hadharani, hata hospitali zisizo na fedha nyingi ziliweza kunufaika nayo. Hiyo ndiyo faida ya kushirikishana maarifa.

Hata hivyo, utafiti huohuo ulikuwa na sehemu ya pili: wagonjwa wasiohitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Mwezi Septemba 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za kundi hilo zitumike kwa wagonjwa wenye hali mbaya, si kwa wenye dalili nyepesi.

Sehemu hii ya pili ndiyo hudondoka njiani. Anayeambiwa tu kwamba "deksamethasoni inatibu korona" anaweza kuimeza nyumbani kwa kikohozi chepesi. Dawa hiyo hupunguza nguvu ya kinga ya mwili na huweza kupandisha sukari katika damu. Aidha, huweza kushusha homa, mgonjwa akajiona amepona ilhali malaria au nimonia inaendelea. Kwa mkazi wa Sitalike, ambaye hospitali ya mkoa kwake ni hadi Mpanda mjini, muda unaopotea hivyo unaweza kugharimu uhai.

Maswali manne ya kujiuliza

1. Dawa ilijaribiwa kwa nani? Iliyomfaa mgonjwa mahututi si lazima imfae mwenye mafua.

2. Ililinganishwa na nini? Wengi wanaougua UVIKO-19 hupona bila dawa maalumu, hivyo kupona kwa jirani si ushahidi. Haidroksiklorokwini ilisifiwa sana mwanzoni. Ilipolinganishwa katika utafiti huohuo, haikupunguza vifo.

3. Ni kiasi gani, na kwa siku ngapi? Habari isiyotaja kipimo haimwongozi mtu kutumia dawa.

4. Nani anasema, na anaweza kuulizwa? Ujumbe usio na mwenyewe hauna wa kuwajibika.

Mtumiaji afanye nini?

Usinunue dawa inayohitaji cheti cha daktari bila cheti hicho. Unapofika duka la dawa muhimu, mweleze mtoa dawa dalili zako, umri wako na dawa unazotumia, badala ya kutaja tu jina la dawa uliyoisikia. Ukipata madhara baada ya kutumia dawa, mjulishe mtoa huduma za afya mara moja. Ukishindwa kupumua vizuri, usitafute ushauri kwenye simu ya rafiki. Nenda kituo cha afya.

Mwisho, ndugu mtumiaji, kabla ya kumtumia mwenzako habari ya dawa, hakikisha inasema inamfaa nani na haimfai nani. Kama sehemu hiyo huna, iulizie kwanza kwa mtaalamu wa afya.