Albamu za ukimbizini zilizochelewa kuvuka mpaka

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

MFANYABIASHARA aliyepita Mbarara miaka ya tisini akielekea Gatuna, Mutukula au Murongo hawezi kusahau sauti ya Whitney Houston. Albamu ya muziki wa filamu ya The Bodyguard, iliyotoka mwaka 1992, iliuzwa duniani zaidi ya nakala milioni 40. Mwaka 1997 ikafuata ile ya Titanic, na Celine Dion naye akaingia kwenye mabasi, saluni na harusi. Katikati yao walikuwepo Lucky Dube na Koffi Olomide, ambao hawakuhitaji filamu ili kupendwa.

Sehemu kubwa ya muziki huo ilifika kwa kaseti za kurudufu. Mwenye kibanda alikuwa na kaseti moja nzuri na redio yenye sehemu mbili za kaseti. Wewe unaleta tupu, unachagua nyimbo, unarudi jioni kuchukua. Hadi mwishoni mwa mwaka 1993, Sanyu FM na Capital Radio zilipoanza Kampala, redio ya Serikali ndiyo iliyokuwa ikisikika. Na aliyeifahamu Titanic kupitia ukumbi wa video anajua kwamba muziki wenyewe hakuusikia sawasawa, kwani mtafsiri wa filamu, yule anayeitwa VJ, alikuwa akiupunguza ili Kiganda chake kisikike.

Jambo ambalo wengi hatukulijua ni kwamba katika miaka hiyo hiyo watu wa kwetu, wakimbizi kama waliokuwa Nakivale, walikuwa wakirekodi albamu za pop na roki huko Ulaya, na kwamba moja ya albamu hizo ilihusu mipaka hii hii tunayoivuka na mizigo.

Geoffrey Oryema alizaliwa Soroti mwaka 1953. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa waziri katika Serikali ya Idi Amin. Februari 1977 waziri huyo aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake, Charles Oboth Ofumbi. Kijana Oryema alivuka kwenda Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti la gari, kisha akaenda Ufaransa. Mwaka 1990 kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel wa Uingereza ilitoa albamu yake ya kwanza, Exile, chini ya utayarishaji wa Brian Eno. Humo anaimba Kiacholi na Kiswahili, na kuna wimbo unaotaja Anaka, nyumbani kwa ukoo wake kaskazini mwa Uganda.

Ala aliyojifunza kwa baba yake ni nanga. Hapa msomaji wa mpakani asimame kidogo. Waacholi wanaiita nanga, Wanyankole wa Mbarara na Wahaya wa Kagera wanaiita enanga, Wanyarwanda na Warundi wanasema inanga. Maumbo yanatofautiana kidogo, lakini ni ubao uliochongwa na kutandikwa nyuzi, na jina ni lile lile. Mipaka iliyochorwa na wakoloni ilipita katikati ya nyuzi hizo bila kuzikata.

Mwaka 1993 Oryema alitoa albamu ya pili na kuiita Beat the Border, yaani kuushinda mpaka. Hii ina magitaa na ngoma za roki, imetengenezwa kwa ajili ya majukwaa makubwa. Kwa maoni yangu Exile ni bora zaidi, maana inasikika kama mtu aliyekaa peke yake usiku akikumbuka. Lakini kwa jina, ile ya pili ndiyo yetu. Mwaka 1994 alishiriki pia kutunga muziki wa filamu ya kuchekesha ya Kifaransa, Un indien dans la ville. Hivyo yule aliyetoka Uganda ndani ya buti akawa anasikika katika kumbi za sinema za Paris, wakati Mbarara ilikuwa vigumu kumpata mwenye kaseti yake.

Sababu yake haikuwa chuki. Albamu hizo ziliuzwa kwa CD, kwa bei ya Ulaya, katika maduka ya miji mikubwa. Mrudufu kaseti wa hapa hurudufu anachoulizwa, na hakuna anayeuliza asichowahi kukisikia.

Wanyarwanda walikuwa na bahati kidogo. Cecile Kayirebwa, aliyekimbilia Ubelgiji mwaka 1973, alisikika kwa wenzake waliokuwa ukimbizini hata kabla ya albamu yake, Rwanda, kutolewa mwaka 1994, kwa sababu kaseti zake zilipita mkono kwa mkono. Nakivale, iliyoko Isingiro, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbarara, ilianzishwa kwa ajili ya watu hao waliokimbia machafuko ya mwaka 1959 na yaliyofuata. Kwa kijana aliyezaliwa Uganda, Rwanda ilikuwa nchi ya kusimuliwa na wazazi. Nyimbo kama hizo zilimsaidia kuijua nchi ambayo miguu yake ilikuwa haijaikanyaga. Wengi walirudi kuanzia mwaka 1994, na nafasi zao zikachukuliwa na wakimbizi wengine kutoka Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda kwenyewe.

Warundi nao wana Khadja Nin. Alizaliwa mwaka 1959, akaondoka Burundi kwenda Zaire, na mwaka 1980 akafika Ubelgiji. Albamu yake ya mwaka 1996, Sambolera, ni pop safi ya kisasa, na Kiswahili chake kinaeleweka na mchuuzi wa samaki wa Ziwa Nakivale bila mkalimani. Wimbo wake Sina Mali, Sina Deni ameutohoa kutoka kwa Stevie Wonder. Kwa mtu anayerudi kwao na mkeka na sufuria, jina hilo peke yake linatosha kumfanya asikilize.

Juni 1994, filamu ya The Lion King ilitoka Marekani. Ulimwengu mzima ukajifunza kusema hakuna matata. Mwezi huo huo Mto Kagera ulikuwa unashusha maiti kutoka Rwanda hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa upande wa Uganda walikuwa wakiziopoa na kuzizika. Sioni kosa la watengeneza filamu katika hilo, ila ni vigumu kwa mtu wa ukanda huu kuusikia wimbo ule kama wengine wanavyousikia. Na hata humo alikuwemo mkimbizi. Sauti ya kwanza kabisa katika filamu hiyo ni ya Lebo M, aliyeondoka Soweto mwaka 1979 akiwa kijana mdogo. Hans Zimmer, aliyepata tuzo ya Oscar kwa muziki huo, alikuwa amefanya kazi naye katika filamu ya The Power of One ya mwaka 1992.

Kuhusu malipo, kaseti za kurudufu hazikumlipa yeyote, awe Whitney au Kayirebwa. Uganda ilipata sheria mpya ya hakimiliki mwaka 2006, kaseti zikiwa tayari zinaondoka sokoni. Kayirebwa mwenyewe alilazimika kuvipeleka mahakamani vituo kadhaa vya redio nchini Rwanda, akidai vimepiga nyimbo zake bila kumlipa.

Oryema alirudi Uganda kwa mara ya kwanza Desemba 2016, karibu miaka 40 baada ya lile buti, akafanya onyesho Kampala. Alifariki dunia Ufaransa Juni 22, 2018.

Siku hizi albamu zote hizi zinapatikana kwenye simu, na katika vibanda vinavyoingiza nyimbo kwenye memori kadi Mbarara na Nakivale ni suala la kutaja jina tu. Andika Oryema, kwa "y" moja, kisha Exile. Anayetaka kuuliza kwa Kiswahili aanze na Khadja Nin.